Mkono Mmoja Mfukoni

Kwa Fundi Tauno Rintala, Sudbury, Ontario

Wamemlaza na mikono yote miwili kifuani,
na hilo ndilo lililoniliza.
Si uso, si suti ya kuazima, si theluji
iliyoingia kanisani na viatu vyetu
ikawa maji.
Miaka kumi na tisa sikuwahi kuiona mikono ile
ikikutana.

Mmoja ulishika koleo, au chuma cha moto
cha kulehemia. Wa pili ulikaa mfukoni
kama mtoto aliyekatazwa.
"Volti mia nne na hamsini," aliniambia,
"ukizipa mikono miwili umezijengea daraja,
na daraja hilo hupita moyoni."
Alikuwa fundi umeme wa mgodini, shimo la nne;
alishawahi kumtoa mtu aliyejenga daraja.
Hakusema zaidi. Alikohoa, akanimiminia kahawa.

Nilimwendea na amplifaya ya dukani, imekufa,
nami nimetoka zamu ya kuosha mabasi,
vidole vimekakamaa, Kiingereza changu cha kuombea radhi.
Akaifungua, akacheka puani:
"Hii imeundwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula."
Wiki sita baadaye akanipa nyingine.
Sanduku la msonobari, pembe zimeumana kama meno,
ndani waya umenyooka, umekunjwa, umenyooka,
kila kiungo cha risasi
kama punje ya mtama iliyooshwa.
Bei aliitaja akitazama dirishani,
kwa aibu, kama anayekopa.

Mwenyewe hakujua kupiga. Kinyozi hajinyoi.
Aligusa uzi mmoja tu, ule mnene kuliko yote,
akainamisha kichwa
mpaka sauti iishe kabisa, na baada ya kuisha
akaendelea kusikiliza.

Wakaja wapiga gitaa kutoka Toronto, kutoka Detroit,
wakamsifu. Mgema huyu tembo hakulitia maji.
Aliwaandika kwenye foleni, daftari la miraba,
mwaka na nusu kungoja, na aliyelalamika
alirudishwa nyuma mistari miwili.

Kiswahili alijua neno moja.
Taa zile za kioo huwaka polepole,
utambi mwekundu kwanza, kisha rangi ya papai,
na mimi, kidole kwenye swichi ya pili: "Tayari?"
"Bado."
Nilimfundisha mwenyewe, nikajuta,
maana alilitumia kwa kila kitu:
kahawa, barafu ya ziwani, goti lake,
mke aliyemwacha.
Unampenda? Bado.
Umemsahau? Bado.

Baada ya mazishi Saima, bintiye, akanipa funguo za gereji.
Harufu ya utomvu uliochomwa, jirani ya ubani.
Mezani amplifaya nusu, haijatiwa taa,
waya wa umeme umening'inia ukutani.
Nikanyoosha mikono yangu yote, mjinga mimi,
kisha nikaurudisha mmoja mfukoni.
Mashine iliyochomolewa haijafa, alisema kila siku;
makopo yale madogo huficha umeme
siku nzima, pengine zaidi,
yakimsubiri asiye na adabu.

Nyumbani nikaifungua yangu. Miaka yote sikuwahi:
haikuharibika, ningeifungulia nini?
Chini ya bati, kwa penseli, mwandiko wa kuinama:

*Jumanne. Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Gari limekataa kuwaka. Homa ya Saima imeshuka kidogo.
Hii ni ya yule wa mabasi. Nimempunguzia,
asijue.*

Nikarudisha skrubu nne. Nikawasha.
Nikangoja.