Mteja Anayefuata

Vimekuja katika sanduku moja, Jumapili asubuhi,
vitabu viwili vya kitaaluma, bado vinanuka gundi.
Biju amevisukuma kwa kigari hadi mezani kwangu,
akauliza kwa Kiarabu chake cha Kerala: dada, hivi ni ndugu?
Nikacheka. Kimoja kinafundisha kuzuia dawa za kulevya.
Kingine, hesabu za uwezekano ndani ya kompyuta.
Kazi yangu ni kuvipa namba, kisha kuvitenga:
mia tatu sitini na mbili ghorofa ya chini, karibu na vyoo,
mia tano kumi na tisa juu, penye dirisha na vilima vya Khodh.

Hicho cha juu nakijua.
Si nakala hii. Ile ya kaka yangu Mundhir, iliyochanika mgongo,
enzi alizofundisha jengo la pili kutoka hapa
na vumbi la chaki mfukoni mwa kanzu.
Sura ya foleni alinisomesha jikoni kwa mama:
"Raya, kuna mteja, kuna mhudumu, kuna kusubiri.
Mteja hujui atafika lini.
Unajua tu kwamba atafika."

Mteja.
Kule Ng'ambo, alikozaliwa mama, neno hilo limeoza;
ukimwita mtu mteja, jirani huanua nguo zake kambani.
Sikujua siku ile kwamba anajitaja.

Na unga. Mama ameacha kulitamka.
Husema ngano. Husema ule mweupe wa chapati.
Mgeni mmoja aliuliza, kwa nia safi kabisa,
"Bi Ghaniya, unga umetia kiasi gani?"
na nyumba nzima ikanyamaza, hata kiyoyozi.

Nafungua cha kwanza. Kuna jedwali:
katika kila mia waliotoka, wangapi wamerudi.
Mwandishi ni mtu mwema, naona,
kila mahali ameandika "mhusika", hakuweka tusi hata moja.
Lakini mhusika hana mama.
Mhusika hauzi saa ya marehemu baba sokoni Sib,
hamwombi Biju riyali tano mlangoni mwa maktaba
(na Biju, mpaka leo, hajaniambia).

Nafungua cha pili. Sura ya minyororo;
hili nalo neno, nani aliwatuma wanahesabu kulichagua?
Inasema: hatua ijayo haiulizi ulikotoka.
Inauliza tu umesimama wapi sasa.
Katika nakala yake Mundhir aliupigia mstari, mara mbili,
na pembeni akaandika kwa penseli: Laiti.

Ukurasa wa pili yake ipo hali nyingine,
ile ukiingia hutoki.
Mshale wake unajirudia wenyewe. Namba yake, moja kamili.
Hapo hakuna neno. Karatasi imekwaruzika tu,
kama ya mtu aliyeandika, kisha akafuta kwa hasira.

Jana alipiga simu kutoka kituoni,
dakika tano wanazopewa.
Habari za arosto hakuzigusa.
Aliuliza kama wadi imeshuka maji, kama mama anakula.
Kisha: "Leo ni ya arubaini na moja."
Nami, kama mjinga, kama dada, nikauliza:
uwezekano wake ni upi?
Akakaa kimya. Nyuma yake mtu alikuwa akikohoa.
"Swali limekosewa," akasema, kwa ile sauti ya darasani.
"Sampuli ni mtu mmoja."
Mama alinong'ona majaaliwa,
akaendelea kuchekecha kile asichokitaja.

Saa nane. Biju anasubiri na kigari.
Nimebandika 362. Nimebandika 519.
Kati yao ngazi moja tu;
miaka sita naipanda, sijawahi kuhesabu vidato vyake.
"Vyote juu," namwambia.
Anasoma lebo. Ananitazama. Anajua ni kosa.
Anabonyeza lifti.