Zima Kwanza

Nilikuja na kamba ya katani yenye mafundo mawili.
Fundo la kwanza ni ukingo wa dirisha,
la pili ni pale inapoanzia picha ya kipaimara cha Nyemo.
Kati ya hayo ndipo ukuta wangu ulipo,
ukuta wa Nkuhungu, tofali za kuchoma,
rangi ya mafuta mpaka kiunoni.

Elipokea, kijana wa duka, Barabara ya Sita,
aliitazama kamba kama karani aliyeletewa kuku mezani.
"Mama, hizi hupimwa mshazari,
kona ya chini mpaka kona ya juu."
Kwetu kitu hupimwa urefu, kikapimwa upana.
Mshazari ni njia ya mbuzi
anayekatiza shamba la mtu.

Hamsini na tano. Sitini na tano. Sabini na tano.
Alizinadi inchi kama ng'ombe wa Msalato,
na Ndahani, mume wangu, kila namba ikipanda
naye anapanda nayo, mabega, nyusi,
mpaka nikamkanyaga kidole.

Nyumbani ipo ile ya chogo.
Juu yake kitambaa cha kufuma,
juu ya kitambaa maua ya plastiki,
na zamani paka, kwa ajili ya joto.
Hizi hazina pa kuweka ua.
Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio;
hawakusema tumfanyeje asiye na kisogo kabisa.

Ukuta mzima wa duka ulikuwa bahari.
Skrini kumi na nne, samaki yule yule wa njano
akigeuka mara kumi na nne kwa pamoja,
na maji, maji, maji,
maji ya buluu yasiyo na mgao,
nami nimeacha ndoo saba bombani
zinanishikia foleni tangu Jumanne.
Nikameza mate.
Elipokea akadhani nimependa rangi.
Akanipa rimoti kwa mikono miwili
kama anayekabidhi kifaranga.

Fedha ninazo. Zimefungwa kwenye pindo la kitenge:
zabibu za Agosti,
miezi ya kupogoa kwa vidole vilivyochanika,
nyuki, ubwiri,
dalali aliyekuja na mizani yenye kilo za kwake.
Siwezi kumwachia samaki azitumie.

Nikasema: zima.
"Nizime ipi, mama?"
Zote. Nataka kuziona zikiwa zimelala.

Maana kwetu italala kuliko itakavyokuwa macho.
Umeme una siku zake, king'amuzi kina siku zake.
Ndahani analinda usiku, mchana anakoroma.
Nyemo yuko bweni, Kondoa.
Saa nyingi za kitu hiki zitakuwa za giza,
na ni mimi nitakayekaa nazo
nikichambua mlenda.

Akazima moja moja, akisonya kwa adabu.
Bahari ikakauka kutoka kushoto kwenda kulia
na duka likarudi Dodoma.

Nikapita mbele yao polepole.
Moja ilinipa uso mrefu wa punda.
Moja iling'aa mno, ikanionyesha taa ya dari tu,
kama mtu anayejibu kabla hujauliza.
Ya tatu kutoka mlangoni, inchi hamsini,
ambayo Elipokea hata hakuitaja,
ilikuwa na weusi wa chungu kilichozoea moto.
Nikasimama.
Mle ndani nilikuwemo mzima, na vumbi la njiani kwenye nyusi,
na nyuma yangu Ndahani, kofia ya ulinzi mkononi,
ananitazama.
Hajui kwamba namwona.
Miaka kumi na tisa sijamkuta akinitazama hivyo,
maana nikigeuka huwa tayari kageukia redio.

Nikatandaza kamba.
Kiganja kizima kikabaki kabla ya fundo la pili.
Picha ya Nyemo haitaguswa.

"Hiyo ni ndogo," Ndahani akasema.
Nikafungua pindo,
nikaanza kuhesabu.