Milimita Kumi na Nne

Mgongo wa kasha ni milimita kumi na nne.
Krzesimir hunikumbusha kila mara, kana kwamba
si mimi niliyepima kwa rula ya bati
makasha mia mbili na ushei, tangu enzi za kanda
nene kama tofali, ambazo kava lake
lilipauka dirishani kabla ya mteja wa kwanza.

Safari hii ni *Uzi na Masizi*,
nyeusi na nyeupe, ya mwaka hamsini na nane,
iliyopigwa hapahapa Łódź, viwanda vilipokuwa bado vinakohoa.
Imesafishwa fremu kwa fremu,
mikwaruzo imeng'olewa mmoja mmoja, kama miiba ya samaki.
"Weka uso wa staa," kasema, "ujae kava zima.
Mtu hanunui kivuli."

Staa yupo: taya, kofia iliyolala upande,
moshi wa sigara umemzunguka
kama uongo uliopangwa vizuri.
Nimemchora mara tisa.
Mara tisa katoka mzuri,
na mara tisa nimeona mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Usiku nikairudia filamu bila sauti.
Dakika ya arobaini na moja staa anapita kiwandani,
midomo inacheza, maneno mazito bila shaka,
na nyuma yake, penye ukungu wa pamba,
msichana anaunga uzi uliokatika.
Haitazami kamera. Hamtazami staa.
Analamba vidole, anasokota, anafunga.
Sekunde nne.
Nikarudisha. Nikarudisha tena.
Orodha ya mwisho imemtaja hata mfuga farasi;
yeye, hakuna.

Nikachapisha ile fremu, nikaenda nayo
kwenye nyumba za matofali mekundu walikoishi wafanyakazi,
theluji imegeuka tope, ngazi zinanuka kabichi.
Bi Genowefa akaisogeza picha hadi puani.
"Leokadia huyu. Kuigiza? Nani aigize!
Walituambia tufanye kazi kama kawaida, tukafanya.
Taa zao zikakata umeme, mashine zikalala saa mbili,
na saa hizo mbili tukakatwa kwenye mshahara."
"Filamu yenyewe aliiona?"
"Aliiona. Alitoka zamu akaja moja kwa moja.
Akasinzia kabla ya dakika ya kumi,
na sisi hatukuwa na moyo wa kumwamsha."

Basi staa nikampa uso wa kava, wote, ajae.
Haki yake, na mkate wangu.
Lakini mgongoni, katika zile milimita kumi na nne,
nikapitisha uzi mmoja kutoka juu hadi chini,
ukakatika baada ya neno la kwanza,
na hapo penye mkato, vidole viwili na fundo.
Maana kava huonekana siku ya kununua tu.
Baada ya hapo kasha husimama rafuni
limebanwa na wenzake kushoto na kulia,
na miaka yote inayobaki
ni mgongo unaomtazama mwenye nyumba.

Krzesimir akavua miwani, akavaa miwani.
"Uchafu gani huu?"
"Fundo."
"Linaongeza rangi?"
"Nyeusi ileile."
Akanyamaza, akatia sahihi, akauliza habari za chakula cha mchana.

Nakala ya kwanza nikampelekea Bi Genowefa.
Hana mashine ya kuichezea, wala hakuulizia.
Akaisimamisha kabatini, kati ya sukari na dawa za presha,
mgongo ukiwa nje.
Akapitisha kucha juu ya uzi, taratibu,
akafika kwenye fundo, akasimama.

"Umekosea," akasema.
"Leokadia alikuwa wa mkono wa kushoto."