Gunzi

Upepo wa Pachuca haubishi hodi.
Umeingia na vumbi la mlimani, umepindua kalenda,
umenikuta jikoni nikimenya mahindi sita,
ndevu zake zimening'ang'ania vidole
kama mdai aliyemkuta mdeni wake sokoni.

Mama yuko chumbani. Meno yake mapya
yamo ndani ya bilauri, juu ya televisheni,
yanatucheka sote.
Anasema yanambana. Anasema ni ya mtu mwingine.
Tangu Pasaka hajagusa hindi,
yeye, Eduviges, aliyekuwa hasazi hata punje,
aliyetuambia utotoni kwamba punje iliyoachwa
hulia usiku kucha na kuwaamsha majirani.

Basi nalisimamisha hindi wima juu ya ubao,
nateremsha kisu. Punje zinaachana na gunzi
vipande vipande, bado zimeshikana,
ndugu wa tumbo moja.
Nyingine zinaruka. Moja nimeikuta ndani ya kiatu.

Dada yangu Rosenda, kwa simu, kutoka Tulancingo:
"Siagi kwanza. Moto mkali. Na usikoroge, Nabor!"
Kutokoroga ni kazi kuliko kukoroga.
Mimi, nigawaye mitungi ya gesi mji mzima,
nimesimama mbele ya jiko langu, mikono kwapani,
nangoja
mpaka punje zianze kupasuka, pa, pa-pa,
na harufu ya kuungua kidogo, kidogo tu,
ipenye chini ya mlango wa mtu aliyenuna.

Kitunguu. Pilipili mbichi: nimetoa mbegu,
halafu nikajifikicha jicho, mpumbavu mimi.
Kotimiri. Jibini kavu, inamomonyoka
kama chokaa ya ukuta wetu wa nyuma.
Mayonezi kijiko kimoja. Rosenda anasema viwili.
Simu imekatika; kimebaki kimoja.
Ndimu, mpaka ngozi yake igeuke ndani nje.

"Nani anaunguza nyumba yangu?"

Yuko mlangoni na shali, mashavu yamebonyea.
Nampa bakuli, nampa kijiko.
Anakula polepole, anasaga kwa ufizi,
hasemi kitu, na kwa mama yangu
huko ndiko kupiga makofi.
Kisha anakilaza kijiko mezani.
"Tamu. Lakini mikono yangu haina kazi."

Simwelewi mara moja.
Namfuata macho: yamekwenda ubaoni,
kwenye magunzi, matupu, matundu matundu,
niliyokuwa nikingoja kuyatupa.

Naokota moja. Nalipaka mayonezi,
nalivingirisha ndani ya jibini,
nalinyunyizia pilipili ya unga, nalikamulia ndimu
kama hindi ambalo halijapoteza chochote.

Analishika kwa mikono miwili, viwiko mezani,
analifyonza toka ncha hadi ncha,
utamu uliojificha mle kisu kisimofika.
Mayonezi puani. Mayonezi kwenye shali.
Kibogoyo kwa kibogoyo,
hakuna wa kumcheka mwenzake.

Bati linagonga juu yetu. Kalenda imerudi Machi.
"Nabor," ananiita, bila kuinua kichwa,
"lete na yale matano."