Jiwe la Kibuye

Kibuye, Jumapili, jua halijapata makali.
Okinda anapima vyuma kwa mizani ya samaki
nami nimeona bomba lisilo la maji:
pembe nne, shaba njano, flanji ncha zote mbili,
waya mwembamba umelizunguka kiunoni kama shanga.

"Kilo ni mia tano." Kisha akachungulia ndani,
akainuka na nyundo.
"Humu kuna jiwe, dada. Siuzi jiwe kwa bei ya shaba."
Na kabla sijafungua kinywa, ko!
jiwe jeusi vumbini, vipande viwili.

Uaminifu wake ukanitia hasara.

Ningeanzia wapi kumweleza?
Miaka kumi na minne nimetunza rada ya mvua
kule juu Nandi, uso wake bapa haugeuki,
shingo hauna.
Mawe kama hili, safu kwa safu, ndiyo yaliyougeuzia macho:
sasa Kericho, kwenye mvua ya mawe,
sasa ziwani, wingu linapoanza kuvimba.

Wimbi likiingia bombani jiwe halilizuii.
Linalibadilishia hatua tu,
kama askari wa gwaride anayekanyaga kushoto
wenzake wako kulia.
Mpigo mmoja wa umeme kwenye koili, basi.
Umeme ukikatwa, feraiti bado inakumbuka
ilivyoambiwa.

Na wimbi linaporudi, njia ni ile, nauli si ile.
Ilitubidi kuligeuza jiwe moyo
kabla mwangwi wa mvua haujafika mlangoni,
la sivyo tungeona wingu la Londiani
limekaa juu ya Muhoroni.
Usiku mmoja tuliliona hivyo.
Wakulima waliotuamini hawakufunika chochote.

Sikumwambia hayo. Niliuliza tu, "Na jiwe?"
"Chukua bure."
Nikalifunga kwenye leso, nusu na nusu,
shaba nikaibeba begani.

Jumapili iliyofuata amenitandikia gunia,
mawe meusi matatu, kayapanga kama sabuni.
La kwanza, sumaku ya spika.
La pili, kaa la mota, limelika upande.
La tatu ni jiwe tu, la mlima Kajulu,
zito, halina habari na mtu.

"Bei?"
"Bei unajua wewe, daktari wa mawe."

Nikanunua yote.
Lile la Kajulu alikuwa ameliosha.