Kiwanja Namba 118, Msaranga

Nilipeleka ramani mwezi ule maharage yanapochanua.
Nakala nne, zimefungwa utepe wa bluu,
risiti imebanwa kwa pini kwenye kona.
Kijana wa masjala, Ndelilio, alizipokea kwa mikono miwili
kama anayepokea mtoto wa ubatizo.
"Wiki tatu, mwalimu."
Nikamwamini. Nilimfundisha kidato cha pili;
hakuwa mwongo,
hesabu tu ndizo zilikuwa zikimpiga chenga.

Wiki tatu zikazaa wiki tatu.
Faili likapanda kwa mipango miji, likashuka kwa afya,
likalala zimamoto usiku mmoja wa siku kumi na tisa,
likarudi linadaiwa sahihi ya mhandisi,
na mhandisi yuko semina Dodoma.
Njoo Jumatatu.
Jumatatu akidi haikutimia.
Njoo Alhamisi.
Alhamisi umeme umekatika, na muhuri,
sijui muhuri unataka umeme wa nini.

Nikalijua benchi lile kuliko kitanda changu,
ubao upi unabana sketi,
msumari upi unasubiri.
Mzee Kisali wa vyumba sita vya kupanga kule Pasua
nilimkuta pale, nikamwacha pale.
Bibi mmoja wa Njoro alikuja na uzi wa kufumia,
akamfumia mjukuu sweta;
alipomaliza shingo, mjukuu alikuwa ameshaizidi.

Jioni moja mtu wa shati la mistari akanifuata hadi getini.
"Mwalimu, faili nalo lina miguu. Linataka viatu."
Nikatazama vyake. Vilikuwa vipya.
Nikaondoka kwa miguu mpaka Kiboriloni,
wala si kwa ushujaa:
kiinua mgongo chote kilishageuka nondo,

na nondo zilikuwa zinageuka kutu.
Mifuko arobaini ya saruji chini ya turubai
ikaganda mmoja mmoja, kimya,
kila mfuko ukawa jiwe lenye umbo la mto wa kulalia.
Fundi Elinami alivumilia, akavumilia, akaaga.
"Nimepata kazi Boma Ng'ombe. Wale wameanza kujenga, wataomba baadaye."
Nikamwambia, watapigwa X nyekundu.
"Rangi haibomoi, mwalimu."

Masika ikatangulia kibali.
Baada ya usiku wa pili wa mvua nilikwenda kiwanjani alfajiri,
nimevaa gambuti za marehemu,
nikakuta maji yamepita katikati ya kamba za fundi,
ya kahawia, yenye haraka, yanajua yanakokwenda:
kutoka kwenye mringaringa,
chini ya chumba changu cha kulala ambacho hakipo,
hadi barabarani.

Mfongo.
Mfongo wa zamani, uliokauka kabla sijanunua.
Walioichimba njia ile
hawakuomba kibali ila kwa mteremko.
Na mimi, miaka thelathini na miwili ubaoni
nikichorea watoto wa watu kontua,
nililiona bonde lile dogo nikaliita shimo la takataka.

Nilitaka kusema, asante manispaa.
Neno likagoma kooni.
Maana hakuna aliyeniambia maji.
Kurasa kumi na saba za faili,
hakuna palipoandikwa maji.
Paliandikwa Jumatatu.

Wiki ileile Ndelilio akapiga simu, sauti imevaa nguo za sikukuu:
"Mwalimu, kimetoka! Vilevile ulivyoomba,
hawajagusa hata mstari!"
Nikamwuliza, kuna mtu alifika kuona kiwanja?
Kimya. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.
"Imeandikwa hapa... amefika. Kikavu."

Usiku huu nachora upya, kwa penseli, taa ya kuchaji inafifia.
Nyumba nimeisogeza hatua tisa kuelekea mlimani,
jiko limepoteza dirisha,
mfongo nimeuachia njia yake.
Nakala nne. Utepe nimebakiwa na mweupe.
Kesho Jumatatu;
nimeshanunua na uzi wa kufumia,
wa rangi ya maziwa, mafundo sita.