Kipande cha Mwisho cha Tai

Kwetu Lages harusi haiishi kanisani.
Binamu yako Valdecir alishika mkasi,
akaikatakata tai yako vipande kumi na tisa,
akapita navyo meza kwa meza akivinadi
kama mchuuzi aliyeapa kutorudi na mzigo.
Mjomba Altamiro alitoa hamsini. Mwalimu wangu wa hesabu, kumi.
Kipande cha ncha, chenye doa la mchuzi,
hakuna aliyekitaka.

Hiyo ndiyo fungate yetu, Dirceu:
tai moja, iliyouzwa rejareja.

Ndani ya basi la kuteremka Penha
tulizihesabu noti juu ya mapaja.
Hoteli inayotazamana na lango la bustani
ina bwawa, ina lifti, ina kijana wa kubeba mabegi,
na usiku mmoja humo
ungemeza meza mbili za wajomba.
"Mmoja tu," ukasema, "tujionee."
Tujionee nini? Dari?
Usingizi hauhesabu nyota za hoteli.
Ndoa tumeshafunga, nikakwambia,
sasa tufunge mkanda.

Tukaishia kwa Bibi Zulmira,
dakika ishirini na tano kwa miguu,
chumba juu ya karakana ya pikipiki:
shuka zinazonukia sabuni ya mche,
kitanda kinacholalamika hata kabla hujakikalia,
dirisha lisilokubali kufungika.
"Chai ya asubuhi imo kwenye bei," akasema,
na mimi nikaweka begi chini.

Maana chai yake si chai ya jina.
Mikate ya jibini inayounguza vidole,
mihogo, mayai, papai,
keki ya mahindi yenye ukoko wa sukari.
Tulikula kama watu wanaohama nchi.
Nilipoviringisha mikate minne kwenye kitambaa
Bibi aliniona,
akageuka kuosha kikombe
kilichokuwa kisafi.

Langoni, mlinzi akafungua begi.
"Chakula cha nje hakiingii."
Hakusema kwa ubaya; alisema kama mtu
aliyeyasema hayo mara mia tangu asubuhi.
Basi tukasogea kando ya foleni, maharusi wa siku tatu,
tukaimaliza yote minne juani,
ukinifuta makombo kidevuni,
na mtoto mmoja akimvuta mama yake sketi:
mbona wale wanakula?

Ndani, soseji moja kwa bei ya kuku mzima.
Tulinunua moja. Ukauma, nikauma,
na tonge la mwisho tukasukumiana,
kula wewe, hapana kula wewe,
mpaka likaanguka mchangani.
Katika daftari langu la matumizi
nimeliandika peke yake: hasara.

Treni ya kupinduka angani tulipanda mara nne,
kwa kuwa hiyo ilikuwa ndani ya tiketi.
Mara ya nne ulifumba macho ukamwita mama yako.
Sijamwambia mtu.

Usiku upepo wa baharini ukaanza kubamiza dirisha.
Tulijaribu kiatu. Tulijaribu Biblia ya kwenye droo.
Tulijaribu kujifanya hatusikii.
Ndipo nikafungua pochi, nikakupa kile kipande,
na doa lake.
"Alikinunua nani?"
"Mimi."
"Kwa ngapi?"
"Reali sita. Nilizificha kiatuni, za teksi."
Kumbe ndiyo maana, ukasema polepole,
usiku wa harusi ulinitembeza hadi nyumbani
ukidai unataka hewa.

Ukapiga fundo, ukalikaza kwa meno.
Dirisha likatulia, likabakiza upenyo wa vidole viwili,
na katika upenyo huo, mbali,
taa za gurudumu kubwa la bustani:
nyekundu, kijani, nyekundu,
tukizitazama bure, tumelala ubavu,
mpaka saa tano walipozizima.

"Umeona?" ukaninong'oneza.
"Hata wao wanabana."